Uliza Fundi: Testi zote PASS, je mlango wa dibagi umefungwa kweli?

Baada ya toleo lililopita kugusia mlango wa dibagi kwenye chipu za Arm, inboksi imejaa. Wengi mnaoandika mnatengeneza vitu vyenu wenyewe, kontrola za sola, trakka za bodaboda, mita za maji, na sasa mteja au mwekezaji ameanza kuuliza "huu mlango mmeufungaje?" Nimechagua maswali machache, mengine nimeyapunguza maana kuna mtu katuma logi ya kurasa ishirini, jamani.

Kwa ambaye hakusoma: chipu karibu zote zina pini za dibagi, yaani za kuingia ndani ya chipu kutafuta makosa. Njia ya zamani ni JTAG, ilipitishwa kuwa kiwango cha IEEE mwaka 1990, namba 1149.1, na wakati ule shida yao ilikuwa kupima kama pini za bodi zimeungwa vizuri, suala la usalama halikuwepo kabisa mezani. Halafu ikaja SWD ya Arm yenye waya mbili tu za kazi, SWDIO na SWCLK. Ukichomeka hapo na hakuna kufuli, unasoma memori, unabadilisha rejista, unatoa funguo, unaondoka nazo. Ndo maana Arm wakatoa maelekezo yanaitwa ADAC (Authenticated Debug Access Control): dibaga ikitaka kuingia, chipu inatoa chalenji ya baiti 32 za kubahatisha, dibaga inarudisha mnyororo wa vyeti vya kidijitali, kila kimoja kimesainiwa na cha juu yake, mzizi mpaka jani, halafu tokeni iliyosainiwa na ufunguo wa jani juu ya chalenji ile ile. Chipu inakagua kila kitu, ikiridhika inafungua, tena inafungua kile tu kilichoruhusiwa. Haya twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni injinia wa famwea, niko Dar. Tumeweka ADAC kwenye bodi yetu na nimejenga testi zake, cheti sahihi kinafungua, cheti kibovu kinakataliwa, zote PASS. Bosi anasema tumemaliza tupeleke kiwandani. Mimi roho inasita. Nisite au niache?

JIBU: Marahaba. Sita, tena sana, kwa sababu ya hayo maneno mawili uliyoandika, "cheti kibovu". Kibovu kivipi? Hapo ndo watu wengi wanapotea bila kujua.

Angalia mfano mmoja. Ndani ya cheti cha ADAC kuna sehemu inayosema cheti hiki ni cha aina gani ya chipu, na nyingine inaweza kutaja chipu moja tu kwa namba yake. Unataka kujua kama bodi yako inakataa cheti cha aina nyingine. Unachukua cheti kizuri, unafungua na hex edita, unabadilisha hio sehemu, unatuma, chipu inakataa, testi inaandika PASS. Umefurahi. Lakini ulipobadilisha baiti moja ndani ya cheti saini nayo imeharibika! Chipu imekataa kwa sababu ya saini, haijafika hata kuangalia aina. Inawezekana kabisa kodi ya kukagua aina haipo, kuna mtu aliandika "nitamalizia baadaye" akasahau, na testi yako itaendelea kusema PASS mpaka siku mtu mwenye cheti halali cha bidhaa yenu nyingine anaingia kwenye hii bila kubisha hodi.

Kwahiyo kila testi ya kukataliwa iwe na kosa moja tu, na baada ya kuweka kosa usaini upya kwa ufunguo sahihi ili kila kitu kingine kiwe kizuri kabisa. Testi ya aina ya chipu: badilisha aina, saini upya. Testi ya hatua ya maisha ya chipu: cheti kinachoruhusu hatua ya utengenezaji tu, saini upya, tuma kwenye chipu iliyoshafika hatua ya mteja. Testi ya saini yenyewe, hapo ndo unageuza biti moja ya saini na huharibu kitu kingine chochote. Na urefu pia, tuma pakiti inayodai ina data ndefu kuliko iliyopo, tuma iliyokatwa katikati, tuma jani bila mzizi, tuma mzizi halali wa kampuni nyingine kabisa ambao heshi yake (alama fupi inayoutambulisha) haipo kwenye fyuzi zako, ile sehemu ya chipu inayoandikwa mara moja tu. Ni kazi, najua. Andika skripti ya kuzalisha vyeti, usijaribu kuvitengeneza kwa mkono, utachoka siku ya pili.

Ruhusa nazo usizisahau. Kila cheti kina maski ya biti 128 ya ruhusa, yaani orodha ya washa na zima, na tokeni nayo ina maski ya inachoomba, na ruhusa ya mwisho ni kile kilichokubaliwa na wote kwenye mnyororo. Sasa testi ya maana hapa sio "imefungua au haijafungua". Tengeneza cheti cha kati kinachonyima dibagi ya upande salama (sehemu ya chipu inayotunza siri kama funguo), halafu jani liiruhusu na tokeni iiombe. Ikifunguka upande salama ujue mtu amesoma maski ya jani peke yake akaacha za juu. Bagi kama hii ukitesti kwa mnyororo mmoja wenye ruhusa zote huioni milele.

Halafu, na hili nakuomba ulichukulie serious, usiamini jibu la chipu peke yake. Chipu inaweza kukujibu "hauna ruhusa" huku signo za ndani za kuruhusu dibagi zimeshawaka. Kuna signo nne za CoreSight, mfumo wa dibagi wa Arm, zinazoamua mambo, DBGEN, NIDEN, SPIDEN na SPNIDEN, na hali yake unaisoma kwenye rejista ya AUTHSTATUS, iko ofseti 0xFB8. Kila kundi lina biti mbili, 10 maana yake ipo lakini imezimwa, 11 imewashwa. Baada ya KILA kukataliwa soma rejista hio, ukikuta 0xAA kwenye baiti ya chini basi kila kitu kimezimwa, ukikuta hata kundi moja limegeuka 11 hio ni FAIL hata kama jibu la protokali lilikuwa zuri namna gani. Halafu jaribu kweli kusimamisha kori (kichakataji cha ndani ya chipu) na kusoma anwani moja ya memori ya upande salama. Na mwisho kabisa tuma cheti kizuri tena uone inafungua, maana chipu iliyoganda nayo inakataa kila kitu na inapata PASS za bure.

Mwambie bosi asubiri.

SWALI: Niaje fundi, nacheki testi ya kuomba chalenji na kutuma tokeni kwa bodi yetu. Kuna wakati inafail bila sababu, nikirun tena inapita. Kama mara moja kwa kila nane tisa hivi. Nimebadilisha kebo, nimepunguza spidi, bado. Wenzangu wanasema niweke retry mara tatu tusonge. Niweke? (Nairobi)

JIBU: Poa. Usiweke retry, hio namba yako ya "mara moja kwa nane tisa" ni ushahidi na unataka kuutupa.

Ulinitumia logi na humo naona mnatumia SDC-600 ya Arm kama njia ya mawasiliano kati ya dibaga na chipu. Hii ina baiti zake za bendera, 0xAC kuanza pakiti, 0xAD kumaliza, 0xAE ni ya kukwepa, yaani ikitokea data yenyewe ina baiti inayofanana na bendera inabidi itanguliwe na 0xAE na igeuzwe kidogo ili upande wa pili usiichanganye. Sasa piga hesabu: chalenji ni baiti 32 za bahati nasibu, nafasi ya angalau moja kuwa 0xAD ni kama asilimia 12. Hio ni mara moja kwa nane au tisa! Haiwezi kuwa kebo, kebo hainaga hesabu nzuri hivyo.

Kwenye logi yako nimechukua majaribio yaliyofeli nikayapanga. Yote, kila moja, chalenji ina AD ndani, na pakiti inakatika hapo hapo. Moja inaishia hivi: ... 3F 91 C2 AD, baada ya hapo hosti, yaani laptopu, inalalamika data fupi. Zile zilizopita hakuna hata moja yenye AD. Kwahiyo famwea yenu upande wa kutuma inakwepa baiti zingine lakini hii imesahaulika, angalia ile switch ya bendera nina wasiwasi kuna case moja imerukwa.

Ukisharekebisha ongeza testi ambayo haisubiri bahati. Kwenye bildi ya testi tu (sio ya bidhaa, tafadhali) ruhusu kupanga chalenji, halafu pitisha chalenji zilizojaa baiti zote kuanzia 0xA0 mpaka 0xBF. Na upande wa kwenda kwenye chipu fanya hivo hivo, maana saini ya ECDSA (aina mojawapo ya saini za kidijitali) nayo inabadilika kila mara na itakuletea mchezo ule ule ukidhani umemaliza. Retry ingekuficha hadi siku fundi wa mteja yuko site analaumu laptopu yake.

SWALI: Mambo vipi. Mimi bado mwanafunzi. Nimeshindwa hata kubildi hizi testi za ADAC. Kila nikirun cmake inakuja na makosa mengi, nikirekebisha moja yanakuja kumi. Hivi hii kitu inabildiwa wapi, kwenye laptopu au kwenye bodi?

JIBU: Kote kuwili mdogo wangu, na nadhani hapo ndo umekwama, unajaribu kupika vyote sufuria moja. Kuna nusu ya tageti, inayokaa ndani ya chipu, hio inabildiwa na kompaila ya chipu za Arm, arm-none-eabi-gcc. Na kuna nusu ya hosti, inayokaa kwenye laptopu yako na kuongea na dibaga, hio ni kompaila ya kawaida au Paithoni. Weka folda mbili za bildi tofauti kabisa, futa ulichonacho, anza upya. Makosa zaidi ya nusu yatapotea yenyewe.

Kitakachobaki ni pale pa kuunganisha na bodi yako. Testi hazijui bodi yako inaongeaje, wewe ndo unaandika fankisheni chache, kuanzisha mawasiliano, kutuma, kupokea, na kusema muda wa kusubiri. Anza na amri moja tu usiruke. Kuomba chalenji ni amri namba 2 na haina data, kwahiyo kwenye waya utaona baiti nane hivi:

00 00 02 00 00 00 00 00

Mbili za kwanza hazitumiki, mbili zinazofuata ni amri (ndogo mbele, ndo maana 02 inatangulia 00), nne za mwisho ni idadi ya maneno ya biti 32 yanayofuata, sifuri. Jibu zuri linaanza 00 00 00 00 09 00 00 00, yaani hali ni sifuri maana yake imekubali, na yanakuja maneno tisa, baiti 36: nne za toleo na akiba, halafu 32 za chalenji. Ukiona 24 (ndio 36 kwa heksi) badala ya 09 basi kuna mtu anahesabu baiti badala ya maneno, hilo ni kosa la kila mtu wiki ya kwanza. Ukiliona jibu hilo kwa macho yako kwenye logi ndo uanze kufikiria vyeti, kabla ya hapo ni kujitesa.

Na muda wa kusubiri usiuweke mfupi. Chipu ndogo inayokagua saini kwa softwea bila msaada wa hadiwea inachukua muda wake, ukiikatisha mapema utaandika FAIL ambayo sio yake. Tena ukiisha muda testi iandike wazi kwamba muda umeisha, isiseme "imekataliwa", hayo ni mambo mawili tofauti.

SWALI: Fundi naandika nikiwa na mikono kichwani. Nimechoma heshi ya ufunguo wa majaribio kwenye fyuzi za bodi zetu, ule uliokuja na mfano, ambao ufunguo wake wa siri uko wazi kila mtu anao. Kuna namna ya kuufuta?

JIBU: Pole dada. Fyuzi ikishachomwa imechomwa, hairudi. Soma datashiti yako sehemu ya OTP (memori inayoandikwa mara moja tu) uone kama chipu hio ina nafasi zaidi ya moja ya mzizi, zipo zinazokuruhusu kuua ya kwanza na kuchoma ya pili, hapo umepona. Kama ni nafasi moja basi bodi hizo zipigwe rangi nyekundu, zibaki za maabara na zisitoke nje ya mlango kwa bei yoyote, hata kama meneja wa mauzo analia. Kwa kazi ijayo, mwanzo wa skripti ya kiwandani weka ukaguzi unaolinganisha heshi inayotaka kuchomwa na heshi za funguo zote za mifano, zikifanana skripti igome.

SWALI: Kaka mimi fundi simu Kariakoo. Haya mambo ya vyeti yanaweza kunisaidia kufungua simu iliyofungwa? Nina boksi la JTAG zuri tu.

JIBU: Hapana. Boksi lako litafika mpaka mlangoni, chipu itakupa chalenji, na wewe huna ufunguo wa kusaini. Ufunguo uko kwa mtengenezaji na hawezi kukupa. Na simu ambayo mwenyewe hajulikani, kaka, tuiache tu.

SWALI: Habari za kazi. Kuna watu walifungua chipu zenye dibagi iliyofungwa kwa kuchezea umeme tu. Sasa faida ya kupita testi hizi zote ni nini kama mtu anakuja na waya anaruka kila kitu? (Mwalimu wa chuo, Mombasa)

JIBU: Njema mwalimu, swali zito hili. Ni kweli, mwaka 2020 mtafiti anayejiita LimitedResults alionyesha kwamba kinga ya dibagi inayoitwa APPROTECT kwenye chipu za nRF52 za Nordic inarukwa kwa kushtua umeme wa chipu sekunde ile inapowaka, na mwaka 2021 njia ya namna hio ikatumika kufungua AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, maana ndani yake kuna nRF52832. Kule shida haikuwa cheti, hakukuwa na cheti. Chipu ikiwaka inasoma alama ya "funga", umeme ukitikisika wakati huo huo alama inasomwa vibaya, mlango unabaki wazi.

Hizi testi zetu za ADAC ni za ulinganifu, hazipimi hilo na hazidai kupima. Zinauliza kama chipu inafuata maandishi, basi. Kuishtua chipu kwa umeme ni maabara nyingine, vifaa vingine, bajeti nyingine. Lakini usizidharau, kwa sababu kuna aina ya tatu ya shida ambayo watu wanaisahau: mwaka 2019 Zhenyu Ning na Fengwei Zhang walitoa utafiti unaoitwa Nailgun, hawakushtua umeme wala hawakugusa waya. Walikuta signo za ruhusa ya dibagi zimeachwa zimewashwa kwenye vifaa vilivyoshauzwa, Raspberry Pi 3 ikiwemo, na kori moja ikaweza kuidibagi nyingine kutoka ndani kwa softwea na kufikia upande uliotakiwa kuwa salama. Hapo hakuna uchawi, ni kwamba hakuna aliyesoma hali ya zile signo kwenye kifaa kilicho tayari kuuzwa. Ile AUTHSTATUS niliyomwambia mwenzako wa Dar, ukiisoma kwenye bodi inayotoka kiwandani na sio ile ya mezani kwako tu, ungeliona siku hio hio.

Na kama unafundisha wanafunzi, wape zoezi hili: wazime bodi kabisa, wawashe, wachukue chalenji ya kwanza, warudie mara nyingi, wapange zote. Nimekutana na bodi ambayo chalenji zake ukiwa umeiwasha zinabadilika vizuri kabisa, ukizima na kuwasha zinaanza upya kwa mpangilio ule ule, kwa sababu mbegu ya namba za bahati ilikuwa ya kudumu. Mtu akirekodi kikao kimoja halali cha fundi kuanzia bodi inapowaka, kesho anarudia tokeni ile ile na inakubaliwa. Pia waombe chalenji mara mbili mfululizo halafu wajibu ile ya kwanza, ikikubaliwa kuna kazi ya kufanya.

SWALI: Mteja wetu anataka ripoti ya testi za ADAC isiyo na SKIP (testi iliyorukwa) hata moja. Testi zetu tisa ni SKIP maana chipu haina aina za saini za Ed448 wala RSA 4096 wala SM2. Nizitoe kwenye orodha ili ripoti iwe safi?

JIBU: Usizitoe. ADAC inaruhusu aina nyingi za saini na hakuna anayelazimishwa kubeba zote, SKIP hapo ni jibu halali. Ila kabla ya kuandika SKIP hakikisha mambo mawili. Kwanza, orodha ya unachokibeba itoke kwenye chipu yenyewe kwa amri ya ugunduzi, ile namba 1, usiiandike kwa mkono kwenye faili la mipangilio, maana faili la mipangilio likikosewa testi ya P-256, saini ambayo chipu inaibeba, yenyewe inaweza kuwa SKIP na hakuna atakayeshtuka, mstari unakuwa wa njano badala ya mwekundu na watu wanapita. Pili, kwa kila aina usiyoibeba tuma cheti chake kizima na uone chipu inakirudisha kwa jibu la kukataa, haigandi, haijizimi, na AUTHSTATUS iko vile vile. Hio sasa ni testi kamili na inaandikwa PASS.

Kwenye ripoti weka safu ya sababu mbele ya kila SKIP, neno moja mawili yanatosha, "haina SM2". Weka na toleo la famwea, heshi ya bildi, na hatua ya maisha chipu ilipokuwa wakati wa kupima. Ripoti ya chipu iliyopimwa ikiwa kwenye hatua ya utengenezaji mteja mwenye akili atairudisha, na atakuwa na haki.